Kola ya Mwenyekiti

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa ligi yetu ya voliboli tangu nikiwa mtoto, na sijaona mtu aliyekipenda cheo chake kwa moyo safi kama yeye. Kila Jumamosi alivaa tai, hata jua liwe kali namna gani, akaketi kando ya uwanja kwenye kiti cha plastiki kilichotandikwa kitambaa, chupa ya maji mbele yake. Sisi wachezaji tulikunywa ya mfereji. Hakuona ubaya. Kwake kiongozi asipotunzwa hudharauliwa, na ligi nayo hudharauliwa pamoja naye.

Ndivyo ilivyokuwa timu yetu ya wanawake ilipoalikwa Kampala. Walioalikwa ni wachezaji, lakini basi dogo likajaa viongozi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, hata shemeji yake katibu. Wachezaji kadhaa tukaachwa, nami nikiwemo, maana baba hakutaka isemwe anampendelea bintiye. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatengea wenzangu mipira wapige. Walicharazwa vibaya. Baba aliniletea kitenge kizuri sana, nami kwa hasira sikukipeleka kwa fundi.

Uchaguzi ulipofika, kocha wetu, mama mwenye saluni Kenyatta Market, akajitosa. Ahadi yake ilikuwa moja tu: tukialikwa Kampala tena, wachezaji wapande basi kwanza. Kura zetu tulipiga kwa mlolongo, kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe. Baba alikuwa ametunga sheria yake juu ya hilo: wagombea watazame ukuta, wasigeuke mpaka watu wahesabiwe, ili mtu asiogope macho ya mzee. Aliionea fahari sheria hiyo, na alistahili.

Asubuhi hiyo tulishuka matatu pale Hurlingham, tukatembea pamoja hadi ukumbini. "Mami, wewe utasimama first, nyuma yangu kabisa," aliniambia. Aliniita mami kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nilinyamaza, naye akahesabu kunyamaza kwangu kuwa ndiyo.

Filimbi ikapulizwa, watu wakajipanga. Mimi nikaenda kwa kocha. Nilimpenda baba, na nilitaka kucheza, na siku hiyo ilinibidi nichague pa kusimama.

Ukumbi ukatulia. Baba, uso ukutani, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mami, hebu niwekee hii kola poa. Naona imekunjika."

Aliyekuwa nyuma yake ni mweka hazina. Bwana yule mnene akaangaza macho huku na huku, kisha akanyoosha mkono, akaivutavuta kola ya baba.

"Asante, mami," baba akasema.

Siku nyingine tungekufa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Mimi machozi yalinitoka.

Alipoambiwa ageuke, aliuona mlolongo wa kocha umefika mlangoni, halafu akaniona mimi ndani yake. Kisha akaenda akampa kocha mkono, "Hongera, madam chair," akatoka nje.

Nilimfuata. Nilimkuta kando ya barabara, tai ameikunja mkononi.

"Kumbe ilikuwa treasurer," alisema. "Nilishangaa, nikasema huyu msichana mkono yake imekuwa nzito lini."

Nikaanza kujieleza. Akainua kiganja kunizuia. Kola ilikuwa bado imekunjika upande mmoja, mweka hazina wa watu hakujua kazi hiyo. Nikamsogelea kuinyoosha, naye akainama kidogo ili nifikie.

"Hiyo basi ya Kampala," akasema akiwa ameinama vile vile, "ikipita Timboroa usiku kuna baridi mbaya sana. Wewe hujui, hujawahi kwenda. Ubebe sweta, mami."