Baba alitozwa kwa diploma yake wakati mshahara haupo, cherehani ya mama ikaondoka

Wakuu, habari za jioni. Hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, nalileta kama nilivyoliona.

Nimezaliwa Kolwezi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba alikuwa injinia. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake aliinunua mwenyewe kabla hajaolewa.

Mgodi ulipoanza kufa, mishahara ilichelewa, halafu ikakoma. Mabomba ya kambi yakakauka, maana hakuna tena aliyenunua mafuta ya pampu.

Wakazi wakakubaliana kujitoza kodi wenyewe kila mwezi ili kuyanunua.

Ubishi ukawa nani alipe ngapi. Mmoja akasema kila nyumba ilipe kufuatana na kinachoingia. Wakamcheka. Utajuaje kilichoingia kwa mwenzio? Diploma inajulikana na wote.

Basi wakapanga kwa masomo. Waliofika chuo kikuu kategori ya kwanza, makarani ya pili, wasiosoma ya tatu. Anayetaka kushushwa asimame kikaoni Jumapili, aseme mbele ya wote kwamba hana.

Ukiusikia mpango huo unaona ni wa haki kabisa. Mwenye elimu abebe zaidi.

Shida ni kwamba diploma ya baba ilikuwa haileti hata unga. Jirani yetu tata Kaumba (kwetu "tata" ni baba), ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikuwa anauza makaa na pesa inamjia kila siku. Simlaumu, maana ni yeye aliyekuja nyumbani kumsihi baba.

"Tata injinia, Jumapili usimame, useme. Batu bote banajua mishahara haiko. Mi nitalipa ya kategori yako."

"Mi nilisoma, Kaumba. Siwezi kusimama pale niombe banishushe."

Mnaweza kumcheka. Ila mshahara ulishakwenda, gari la kazi lilishakwenda, na ile kategori ya kwanza ndiyo heshima pekee iliyombakia.

Akauza redio ili alipe. Akauza suti. Mwisho akaitaka cherehani.

"Ile mashini njo inatulisha," mama akamwambia.

"Bakilipa mishahara, nitakununulia ingine."

Mama aliifuta vumbi, akaifunika kitenge, mnunuzi akaibeba.

Wiki chache baadaye fukuzafukuza ikaanza. Babu yake baba alitoka Kasai, jimbo la mbali, kwa hiyo tukaambiwa turudi kwetu, mahali ambapo baba mwenyewe hakuwahi kufika. Wenyeji waliotufukuza walisema sisi watu wa Kasai ndio waliokula mali yote ya mgodi. Tuliondoka na sufuria na blanketi. Kaumba alitusindikiza hadi stesheni akilia.

Treni haikuja. Tulilala pale nje pamoja na maelfu ya watu. Mama mmoja alikuwa amekuja na cherehani, akawa anashonea watu nguo zilizochanika, wanamlipa unga. Mama yangu alikaa pembeni yake akimtungia uzi kwenye sindano, ili tupate kikombe kimoja cha unga.

Kisha wasafiri nao wakaanza mchango wa dawa za wagonjwa. Wakafika kwetu.

"Tata, wewe utatoa nini?"

"Sina kitu," baba akajibu.

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitamka hivyo. Mama hakumtazama.

"Kama ungesema vile kule kambini," akamwambia taratibu, "leo mi ningekuwa nashona."

Baba akaficha uso kwenye blanketi. Mpaka anafariki, sikumsikia tena akijiita injinia.

Nilichojifunza: mtozeni mtu kwa kinachoingia mkononi, maana elimu inaweza kukaa kichwani na jikoni kukawa baridi. Na aliyeishiwa apewe njia ya kusema bila kusimamishwa mbele ya mtaa mzima. Inaniuma kwamba baba alikuwa na jirani aliyetaka kumbebea mzigo, akaona aibu kupokea.

Huko kwenu michango mnaipangaje? Karibuni mseme, hasa wewe uliyewahi kukaa kwenye kikao kama kile ukashindwa kusimama.