Haki ya Langoni

Shamis huuza maziwa ya ngamia langoni pa ofisi ya chifu, Garissa, na hapendi kufanywa mjinga. Mteja wake mmoja, mwalimu, alimsimulia habari za Absalomu, mwana wa Nabii Daudi: alisimama langoni akimwambia kila mwenye kesi kwamba haki ni yake, kumbe anakitamani kiti cha babake.

Shamis akamtazama Kulow, mpwa wa chifu, akibusu mikono ya wazee palepale. Akamwendea na malalamiko ya kubuni: Barwaqo, muuzaji mwenzake, kamnyang'anya nafasi.

"Haki ni yako, eedo, shangazi yangu," Kulow akamwambia. "Laiti ningekuwa chifu mimi!"

Barwaqo naye, kwa kutumwa na Shamis mwenyewe, akaenda kumshtaki Shamis kwa Kulow. Akapewa haki ileile.

Wakarudi pamoja, Shamis akauliza kwa sauti: "Kulow, haki ni ya nani?"

Foleni nzima ya wenye kesi ikageuka kusikiliza.