Msomaji wa Mzee Mouigni

Loutfia alirudi Komoro Januari ya 1977 akiwa na gauni moja mwilini na kovu bichi la panga begani. Alikuwa ameishi Majunga, Madagaska, miaka kumi na moja, akisaidia wauguzi hospitalini, mpaka Desemba iliyotangulia Wakomoro wa mji ule walipowindwa nyumba kwa nyumba. Mumewe aliuawa mlangoni pao. Yeye alifichwa siku nne chini ya kitanda cha jirani yake Mmalagasi, mwanamke Mkristo.

Jirani huyo ndiye aliyemfundisha imani yake, na Loutfia alikuwa amebatizwa miaka miwili nyuma. Mumewe alijua, akanyamaza. Walipoagana, jirani alimtia mkononi kijitabu cha habari za Isa, cha Kiswahili, maana cha Kikomoro hakikuwapo.

"Watu wa kwenu wataambiwa na nani, kama si wewe?" alimuuliza.

Loutfia alikitia kijitabu kifuani. Moroni, mji mkuu, wakimbizi walilazwa darasani, familia tano chumba kimoja. Aliosha vidonda vya wenzake, akasikiliza vilio vyao, na kila alipotaka kufungua kinywa aliona haya. Angewaambiaje waliofiwa habari za Mungu wa watu wa kule kule walikouawa wapendwa wao?

Mwezi Machi alipanda meli kwenda Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, kwenye nyumba ya mama yake, Batoul, katika vichochoro vya mji wa mawe. Baba yake, Mzee Mouigni, alikuwa amepofuka. Ujanani alishona nguo Unguja, na hakuna kitu alichotamani kukisikia kama Kiswahili.

"Hakuna wa kuzungumza naye tena, mwanangu. Wenzangu wote wamekufa," alilalamika.

Basi Loutfia akaanza kumsomea kijitabu kile kila alasiri, Batoul akiwa sokoni. Mzee alicheka akisikia neno alilolisahau, akamrudisha nyuma alisikie tena. Siku moja alisomewa habari za mama mjane aliyefiwa na mwanawe wa pekee.

"Huyu Isa alimhurumia kwanza kabla hajaombwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Soma tena."

Hakusema ameamini, wala Loutfia hakumuuliza.

Aliyewagundua ni Rachadi, kaka yake. Alikuwa karani, lakini mwaka ule serikali iliwafukuza makarani wote na kuchoma majalada yao, na tangu hapo alishinda nyumbani akitafuta cha kufanya. Aliposikia baba yake akisomewa, alisimama nyuma ya pazia mpaka mwisho. Kisha akamwita mama yake, akafunga mlango.

"Kazi wamenivua," alisema. "Vijana wa serikali yao wenye silaha wamewatukana wazee wetu hadharani. Tumebaki na dini yetu tu, Loutfia. Na wewe unaingia na dini hii nyingine humu ndani?"

Batoul alimshika binti yake mikono yote miwili. "Sema unampenda Nabii Isa. Sote tunampenda. Sema hivyo tu, yaishe."

Ilikuwa njia nyepesi, na karibu aishike. Alimtazama mama yake akatamani kulala pajani pake.

"Ninampenda zaidi ya hivyo, Mama," alisema.

Batoul akaachia mikono.

Hakuna aliyempiga. Rachadi alikiokota kijitabu, akakitazama. "Kina jina la Mungu, siwezi kukichoma," alisema. Akakifunga kwa kitambaa safi, akamkabidhi. "Ondoka nacho."

Nyumba za pale ni mali ya wanawake, na Batoul peke yake ndiye angeweza kusema abaki. Hakusema. Mzee Mouigni alikuwa chumba cha pili akiita, "Mbona leo husomi?"

Loutfia alirudi Moroni, akapanga chumba, akafua nguo za watu. Miezi minane baadaye binamu yake Hadidja alifika kwa meli, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mzee ametutoka. Jana ilitimia wiki ya tatu."

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Rachadi alimwambia umepata kazi mbali." Hadidja alishusha sauti. "Ulikuwa unamsomea nini hasa?"

Loutfia alikumbuka wanawake wale wa darasani ambao hakuwaambia kitu. Akamwambia Hadidja yote, polepole, macho yamejaa machozi, bila kupunguza neno. Hadidja alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akajitanda shuka lake la shiromani, akaaga, akaondoka bila kunywa maji aliyowekewa.

Hakuja tena, wala hakutuma salamu. Siku ile, mgeni alipoondoka, Loutfia aliinama kwenye beseni, akaendelea kufua mashuka ya mwanamke jirani aliyekuwa akiugua kidonda. Jioni ile alimpelekea yakiwa yamekauka, akabaki kumsafisha kidonda hicho, maana hakuna mwingine aliyekubali kukigusa.