Wino wa Mzee Rasimu

Mtaani walimwita Mzee Rasimu, na kwa jina hilo hakuonewa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masjala, mtu wa mafaili na mihuri, na alipostaafu alitoka na miwani minene na printa kuukuu ambayo ofisi ilikuwa imeshaitoa nje ikanyeshewe. Printa aliiweka chumba cha mbele, juu ya meza ndogo iliyo kati ya dirisha na cherehani ya mkewe. Kuanzia siku hiyo kila karatasi iliyotoka humo ilikuwa rasimu. Ndivyo inavyoandikwa kwenye kompyuta, pale pa kuchagua ubora: bora, kawaida, rasimu. Hizo mbili za kwanza Mzee hakuwa na habari nazo.

Mambo ya wino aliyafuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Alijua kwamba ukizima printa ukutani kila siku, kila ikiwashwa upya hujisafisha kwanza, na kujisafisha huko ni kunywa wino bure. Basi akapiga marufuku kuizima, na swichi yake akaibandika plasta. Alijua kwamba usipoiambia itumie nyeusi peke yake, huchanganya rangi tatu ili kupata nyeusi ambayo tayari inayo, jambo alilolieleza kwa wageni kwa hasira kabisa, kana kwamba printa imemwibia. Kila Jumatatu asubuhi alichapisha mstari mmoja mwembamba, basi, ili vitundu vya kutolea wino visikauke. Herufi alichagua zile nyembamba kuliko zote. Onyo la kwamba wino unakwisha likitokea, yeye alisema, "Huo ni uongo wa wauza wino," akaendelea, na kweli akapata karatasi nyingine hamsini, sitini. Katriji ya wino ilipokauka kweli kweli aliitoa, akabandua kikaratasi cha juu, akavuta wino wa chupa kwa sindano na kuujaza tone kwa tone, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Mkono wake haukutikisika. Maneno ya majirani kwamba alikuwa akiuchanganya na maji yalikuwa uzushi mtupu.

"Baba," binti yao wa mwisho alimwambia siku moja, ameinua karatasi juu ya mwanga, "hivi unachapisha au unapulizia tu?"

"Mwenye macho ataona," Mzee alijibu, akacheka peke yake.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo za kike, na watu walimwita Fundi tu, kama hakukuwa na mwingine. Chumba cha mbele kilikuwa ndiyo karakana yake: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka kona, na vitambaa vya wateja vimekunjwa kwenye rafu, kila kimoja kimepachikwa kadi kwa pini. Kadi hizo ndizo zilizokuwa fahari ya Mzee. Zamani Fundi aliandika vipimo kwenye daftari, kwa mwandiko wa mtu anayekimbizwa, na mumewe, karani wa watu, hakuweza kuuvumilia. Wakapanga utaratibu. Fundi alipima kwa futi huku akitaja kwa sauti, kifua, kiuno, nyonga, mkono, na Mzee pale kwenye kompyuta aliandika. Kadi nane zilitoka kwenye karatasi moja, akazikata kwa mkasi. Utaratibu huo ulikwenda vizuri kwa miaka minne.

Mwaka wa tano Fundi alianza kulalamika.

"Baba Watoto, ongeza wino."

"Wino upo, Mama. Sogea dirishani."

Akasogea. Cherehani nayo ikasogezwa, mara ya kwanza hatua moja, mara ya pili mbili, hadi ikafika ukutani chini ya dirisha na haikuwa na pa kwenda tena. Mzee alisoma kadi zilezile bila shida yoyote, na hilo lilimpa kichwa. Hakufikiri kwamba yeye ndiye aliyeziandika, na namba zote alikuwa nazo kichwani. Mkewe alipogonga bega la kulia kwenye mlango, alimwambia apunguze haraka. Alipomwaga chai pembeni mwa kikombe, alifuta meza.

Kisha likaja gauni la mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wa shule ya pale mtaani alikuwa anastaafu. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watoto uwanjani, na aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa wakipita barabarani. Walimu wenzake walimnunulia kitambaa kizito cha buluu iliyoiva, na hafla ilikuwa Jumamosi. Kwa jinsi muda ulivyobana, hawakupata nafasi ya kuijaribisha nguo kabla ya kuimaliza. Jumanne mchana alikuja kuvaa. Akaingia nyuma ya pazia. Ikasikika pumzi, ikasikika pumzi nyingine. Alipotoka, zipu ilikuwa wazi mgongo mzima.

Fundi alishika mshono, akaupapasa. Akachukua futi, akampima upya. Kifua arobaini na sita. Nguo ilikuwa imekatwa kwa arobaini.

"Fundi, mimi nimenenepa tangu wiki iliyopita?" mwalimu mkuu aliuliza.

Fundi alichomoa kadi kwenye pini, akaisogeza dirishani, akaigeuza huku na huku.  Miaka ishirini na sita hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu.

"Si mimi," alisema. "Ni hizi kadi za mume wangu. Hazisomeki! Kila siku namwambia aongeze wino, hasikii. Mkono wa birika, atatia hasara hadi kwa watu wa nje!"

"Kumbe Mzee Rasimu ndiye anayetaka kuninyonga!" mwalimu mkuu alisema, akaangua kicheko kilichosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mzee alikuwa amekaa palepale kwenye meza yake.  Fundi aliahidi kutia vipande mbavuni, akasema Ijumaa nguo itakuwa tayari, na mgeni akaondoka akiwa bado anacheka. 

Kilichomuuma Mzee ni kuaibishwa mbele ya mtu. Mkono wa birika angeuvumilia, ameshaitwa hivyo sana. Lakini kuambiwa kwamba karatasi aliyoiandika haisomeki, yeye aliyekaa miaka thelathini na mmoja masjala bila barua yake hata moja kurudishwa! Alikata shauri kumthibitishia mkewe kwamba wino wake hauna kosa.

Jumatano asubuhi alikwenda dukani akanunua katriji mpya, ya kiwandani, kwenye boksi lake. Muuzaji alimfahamu, akamuuliza kama ameokota pesa. Mzee alirudi, akaipachika, na kwa mara ya kwanza tangu printa iingie humo ndani akachagua ubora wa juu. Akachapisha kadi ya mwalimu mkuu, ileile, kwa ukubwa uleule. Ilitoka taratibu, nyeusi ya kung'aa, imelowa kidogo. Hata yeye mwenyewe aliishangaa.

"Mama Watoto, njoo usome hii."

Fundi aliacha kazi, akaipokea, akasimama dirishani kwenye jua. Aliisogeza mbali, akaileta karibu. Kisha akageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje, akaisoma kwa jicho la kushoto.

"Arobaini... arobaini na ngapi hii?" Akaishusha. "Si ileile tu? Umebana tena."

"Nimebana?" Mzee alisimama. "Hiyo ni katriji ya dukani! Hiyo nyeusi haijawahi kutoka kwenye nyumba hii!"

"Baba Watoto, usinitanie, nina kazi."

Alirudi kwenye kompyuta kwa hasira, akaifanya namba ijae karatasi nzima, arobaini na sita peke yake, kubwa kama bango. Wino uliotumika hapo ungemtosha mwezi. Hilo halikumpitia akilini.

"Hii je?"

"Arobaini na sita," Fundi alisema. "Ndiyo. Hivi ndivyo nilivyokuwa nakuomba siku zote."

Mzee akatabasamu. Ameshinda. Mkewe akanyoosha mkono wa kulia aiweke karatasi mezani, akaiachia, na karatasi ikaanguka sakafuni. Meza ilikuwa shibiri nzima pembeni ya mkono wake. Fundi hakushangaa. Aliinama, akapapasa, akaiokota kama mtu aliyezoea.

 Lile bega, ile chai, ile cherehani iliyobanana na ukuta, vyote vilimrudia Mzee kwa mpigo. Alimwendea mkewe, akasimama mbele yake, umbali wa mkono mmoja.

"Hebu ziba jicho la kushoto."

"Ya nini tena?"

"Ziba tu, Mama."

Akaliziba kwa kiganja. Lile la kulia lilikuwa wazi, zuri, halina wekundu wala doa.

"Unaona nini?"

"Mwanga. Naona dirisha linang'aa kwa pale." Akageuza uso huku na huku. "Na wewe uko wapi? Mbona umeondoka?"

Mzee alikuwa hajaondoka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Akamshika mkono.

Alhamisi walikwenda kliniki ya macho. Walisubiri kwenye benchi refu, Fundi akapimwa kwa mashine iliyompulizia upepo machoni, kisha akakaa gizani akabonyeza kitufe kila alipoona nukta ya mwanga. Mzee alikuwa pembeni, na nukta alizoziona yeye zilikuwa nyingi kuliko mibonyezo aliyoisikia. Daktari, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alisema ni presha ya macho. Haiumi, alisema, ndiyo maana watu hawaijui. Jicho la kulia lilikuwa karibu limekwisha. La kushoto lilikuwa limeanza kuliwa pembeni.

"Kilichopotea siwezi kukirudisha," alisema. "Kilichobaki tutajitahidi kukilinda kwa dawa. Lakini mama, hii imechukua zaidi ya mwaka. Hukuona tofauti yoyote?"

"Niliona," Fundi alisema. "Nilidhani ni wino."

Daktari hakuelewa, akamtazama Mzee. Mzee alikuwa anaangalia viatu vyake.

Dawa ilikuwa ya matone: tone moja kila jicho, kila siku, bila kukosa.  Walipokaribia nyumbani Fundi alimwomba mumewe jambo moja.

"Wateja wasijue. Wakisikia fundi haoni, nani ataniletea kitambaa? La kushoto lipo, na mkono wangu unajua kazi. Wewe niandikie kubwa, nyeusi. Basi."

"Nitaandika," Mzee alisema.

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja. Fundi alikuwa ametia vipande viwili mbavuni, amevikata mshazari kwa namna ambayo vilionekana ni mtindo, na zipu ilipanda bila kusukumwa. Mwalimu mkuu alijigeuza mbele ya kioo, akaridhika, akakumbuka utani wake.

"Hebu kwanza niione hiyo kadi iliyonipunguza inchi sita!"

Ilikuwa mezani, ileile ya kwanza, imelala juu ya vipande vilivyobaki, na aliichukua kabla ya mtu kuwahi. Akavaa miwani.

"Kifua arobaini na sita. Kiuno arobaini na mbili." Akaishusha. "Imefifia, ndiyo. Lakini mbona mimi naisoma?" Akainua macho, akamtazama Fundi, na safari hii hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa na watoto maisha yake yote, na alimjua mtu anayeficha jambo.

Fundi alishika ukingo wa meza ya kukatia. 

"Hiyo nimeichapisha upya jana, Mwalimu," Mzee Rasimu alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ile ya kwanza niliichana. Ilikuwa nyeupe, huwezi kujua sita ni sita au ni sifuri. Nikaona aibu. Mke wangu hana kosa hata kidogo. Kosa ni la wino wangu."

Mwalimu mkuu alimkazia macho kwa kitambo. Kisha akavuta pumzi, na kile kicheko chake kikarudi.

"Miaka yote hiyo masjala, serikali ilikuwa inasoma kwa kubahatisha!"

"Ilikuwa inasoma kwa shida sana," Mzee alisema.

Jumamosi mchana ukumbi wa shule ulijaa. Fundi na mumewe walipewa viti vya safu ya mbele, yeye kushoto, Mzee kulia kwake, upande wa lile jicho lililokwisha. Mwalimu mkuu alisimama jukwaani ndani ya gauni lake la buluu, akasifiwa, akashukuru, na ilipofika zamu ya kuwachekesha watu akasimulia habari ya karani aliyebana wino hadi akataka kumkaba mtu kwa zipu. Hakuacha kitu, na palipopungua alitia chumvi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Watu wa nyuma walisimama juu ya viti kutafuta yuko wapi.

"Asimame tumwone!" mtu alipiga kelele.

Fundi aligeuza uso upande wa kulia, akanyoosha mkono, akapapasa hewani hadi akalipata koti la mumewe. Akalishika. Mzee aliusubiri mkono huo utulie. Kisha akasimama, akawageukia watu wote, akainua mkono juu ili wamwone vizuri.