Taarifa ya Mtu Tuliyemzikia Mgomba

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, hapa hapa Kakamega mjini, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Na usiseme nilikuwa nimelewa. Pombe mimi hata ladha yake siijui.

Ofisi yetu huchunguza mashimo ya dhahabu yanayofukia watu. Tuna makaratasi maelfu kwa maelfu: taarifa za mashahidi, rekodi za mochari, barua za wenye mashamba. Yote tumeyaingiza kwenye kompyuta, na sasa kuna akili mnemba unayoiuliza kama unavyomuuliza mtu. Inakujibu, kisha inakutajia faili na ukurasa ilikotoa jibu.

Sasa, mdogo wangu Shivachi alifukiwa kwenye shimo moja huko Iguhu. Tulichimba siku tatu. Maji yakajaa, na mimi, kama mkubwa, ndiye niliyesema basi. Mwili hatukuupata, kwa hivyo tulifanya vile wanafanyanga kwetu: tukakata mgomba, tukauvika koti lake, tukauzika. Kabla jeneza halijafungwa nilitia ufunguo wa baiskeli yake kwenye mfuko wa koti. Hakuna aliyeniona. Hata mke wangu sikumwambia.

Mchana huo nikaiuliza mashine: ni nani walikuwa chini shimo lile lilipoporomoka? Ikataja watu sita, kila mmoja na ukurasa wa taarifa yake. Wa sita, Shivachi. Tangu lini maiti akaandikisha taarifa? Nikauliza alisema nini.

Ikajibu: "Anasema alikuwa hai hadi siku ya tano. Alisikia majembe yakinyamaza. Anauliza kwa nini kaka yake aliupa mgomba ufunguo wa baiskeli yake."

Mayi! Chai ilinimwagikia mapajani wala sikuihisi. Nikamwita Ayuma, tunayefanya naye kazi. Akasoma, akacheka kidogo.

"Hii kitu hudanganyanga. Ikikosa jibu inajitungia."

"Na ufunguo imejitungia vipi, Ayuma? Niliutia mimi, kwa mkono huu."

Akaacha kucheka. Tukatoa faili kabatini, tukafungua ukurasa ule. Karatasi tupu, hakuna hata herufi moja. Kurudi kwenye kompyuta, majina yalikuwa matano.

Niliogopa, na bado naogopa. Jirani akiwa analima, nikisikia jembe limetulia, natoka nje mbio. Mama ananiulizanga kama mwanawe aliteseka. Namwambia hapana, alikufa papo hapo. Namdanganya mama yangu mzazi kila Jumapili, tukitoka kanisani.

Basi wewe unayenisikiliza, mashine hiyo usiiulize habari za mtu wako kama hauko tayari kujibiwa. Na ardhi ikimfukia mtu, msikubali yeyote awaambie kwamba imetosha, hata awe mkubwa wa boma. Chimbeni.