Maji ya Miguu ya Baba

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, nilipoambiwa kwamba mama yangu ni mchawi. Aliyeniambia ni shangazi Nyamizi, dada yake baba, jikoni kwetu Kigwa, huku akinipa karanga.

Kwetu watu waliamini, na bado wanaamini, kwamba anayetaka kummaliza mtu hahitaji sumu. Huchukua unyayo wake: mchanga aliokanyaga, au maji yaliyoosha mguu wake. Mguu huoza, kisha mwenyewe huufuata.

Baba alikuwa mrina asali. Mwaka ule alianza kunywa maji kama anayezima moto tumboni. Akakonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba. Mama alimpandisha treni wakaenda hospitali Tabora, wakarudi na jina, ugonjwa wa sukari, pamoja na maagizo: asali basi, chai bila sukari, ugali kidogo. Tena kila jioni miguu ioshwe na kutazamwa, hata katikati ya vidole, kwa sababu ugonjwa huo hufisha miguu. Mtu anaweza kuchomwa mwiba asijue.

Basi mama akawa anamkalisha baba kwenye kigoda uani, anamwosha kwenye beseni, anauinua unyayo mmoja mmoja kuelekea kwenye mwanga. Shangazi alisimama mlangoni kwake, upande wa pili wa ua, akiangalia.

"Wifi, unasoma nini humo?"

"Natafuta kidonda, wifi. Ndivyo walivyoagiza hospitali."

"Asali umemnyima, sasa unamhesabu vidole! Umeolewa na kaka yangu au na dresa wa hospitali?"

Majirani walicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, alipoitisha kikao cha kumjadili mama, nilisimamishwa mbele ya wazee. Nilipiga magoti, nikawaamkia. Shangazi ndiye aliyeuliza.

"Maji ya miguu ya baba yako, mama yako anayamwaga wapi?"

"Kwenye mpapai, nyuma ya nyumba."

"Kila siku palepale?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mmemsikia. Mtoto huyu hasemi uongo."

Kweli sikusema uongo. Mama alimwaga pale kwa sababu mpapai ulikuwa unakauka, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Baba alilijua. Aliinama akatazama mikono yake. Kesho yake mama akarudishwa kwao Nzega.

Miguu haikuoshwa tena. Shangazi alimrudishia baba asali, bakuli zima, naye akamshukuru. Asubuhi moja ya baridi baba alisogea karibu na moto, kaa likamnasa chini ya kidole. Harufu ndiyo iliyotushtua. Yeye alikuwa anaendelea kuzungumza habari za mizinga. Kidonda kikaoza. Hospitali wakakata mguu, nami nikatolewa shule ili nimuuguze. Alipokufa nilikuwa nimeshasahau hesabu za kugawanya.

"Si nilisema?" shangazi aliwaambia waliokuja msibani. "Unyayo ulishachukuliwa."

Wakamwamini, maana ilikuwa kama alivyosema. Mguu ulioza, na mwenyewe akaufuata.

Sasa nina miaka kumi na saba na bado naishi kwa shangazi. Tangu mavuno anamaliza mtungi wa maji kabla ya saa sita mchana, na khanga inamzunguka mara mbili. Haniambii kitu, wala mimi simuulizi. Jana jioni nilichukua beseni lilelile la mama, nikaliweka mbele yake.

"Lete miguu, shangazi."

Alinitazama sana. Kisha akaunyoosha wa kushoto.

Sijamsamehe. Nilivitenganisha vidole vyake kimoja kimoja bila huruma, kwa sababu katika nyumba ile ni mimi peke yangu ninayekumbuka agizo, na kwa sababu nilitaka aone linavyotimizwa. Nilipomaliza nilibeba maji hadi kwenye mpapai, nikayamwaga taratibu, palepale, naye akiniangalia kutoka kwenye kona ya nyumba.