Mistari Iliyozimwa

Ratiba ya muhula ilitakiwa Jumatatu. Mkuu wa shule alishaniambia, ikishindikana kompyuta inafungiwa stoo na mimi, fundi wake, narudi kijijini kwetu Mnyambe.

Shule yenyewe ya binafsi, mpya, hapa Masasi, kompyuta mtumba. Programu niliiandika mwenyewe kwa Java, lugha ya kompyuta. Inapanga vipindi, vikigongana inarudi nyuma, na kila mara inauliza: mwalimu huyu ana nafasi? Inauliza weee, toka saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana umeme unakatika haijamaliza. Siku tatu hivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi akaingia Mama Pacha, mwalimu wa Baiolojia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rafiki zako umeshawapa vipindi vya asubuhi?"

"Inapanga mashine, mama."

"Nani kaifundisha? Na hii nini, mbona ina jina langu?"

Kidole chake kilikuwa kwenye skrini, kwenye kile kipande cha programu cha kuuliza nafasi. Ndani yake niliweka mistari kama arobaini ya kuandika kila hatua, pamoja na majina, ili nitafute makosa. Swichi ya kuiwasha au kuizima inasomwa kwenye faili programu ikianza, na ikishasema hapana, haibadiliki tena.

"Hiyo haifanyi kazi, mama. Imezimwa."

"Sasa imekaa humo ya nini? Futa nione."

Nikafuta kwa hasira, aondoke tu. Nikawasha saa mbili. Saa nne haijafika, ratiba hiyo! Sikuamini. Nikaikagua darasa kwa darasa, hakuna mgongano. Nikaichapa, nikairudisha ile mistari, Jumapili saa mbili nikawasha tena. Umeme ukakatika haijamaliza.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Java ikiona kipande kinaitwa kazini mara nyingi, inakibandika pale pale kinapoitiwa, isihangaike kwenda na kurudi. Ila inapima ukubwa kwanza, na mistari iliyozimwa nayo inapimwa. Changu kilizidi kipimo, kikaachwa nje, ikawa kwenda na kurudi kila swali. Ile hapana ningeiandika ndani ya programu yenyewe badala ya kwenye faili, mistari ingetupwa mapema, isipimwe kabisa.

Jumatatu mkuu akabandika ratiba ukutani. Mimi nikabaki, kompyuta ikabaki. Mama Pacha akapitisha kidole mpaka Ijumaa, vipindi viwili vya mwisho, Baiolojia.

"Kumbe ulichofuta, chenye jina langu, ndicho kilichokuwa kinanitetea," akasema. "Kirudishe."